Kabla ya Kuandika Kodi, Kaa na Karani

Mwaka wa kwanza nilipopata kazi, baba aliwaambia wenzake pale kwenye chama cha msingi cha ushirika kwamba binti yake yuko Dar es Salaam, anaandika kodi. Hakudanganya, ndivyo nilivyomwambia mwenyewe kwenye simu. Nilipokwenda kwetu Newala likizo ya Desemba nikakuta wazee wawili wananisubiri barazani, mmoja kashika karatasi za duka lake, wanataka niwaeleze kwa nini makadirio yao yamepanda. Kikombe kizima cha chai kilikwisha nikiwaeleza kwamba kodi ninayoandika mimi si ile ya TRA, ni maagizo ya kompyuta. Mmoja akaniuliza kwa adabu zote: "Sasa mama, hiyo yako inamsaidia nani?"

Swali hilo hunirudia kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na simu yangu kuanza kuita. Mwaka huu aliyetangulia alikuwa mama mdogo. Mwanawe kamaliza PCM, kafaulu, anataka kuomba sayansi ya kompyuta. Mama mdogo alitaka kujua mambo mawili tu: watu wa kompyuta wanalipwaje, na je, ni kweli kwamba hii akili mnemba itakuwa imewafuta kazi wote kabla kijana hajamaliza mwaka wa tatu? Nilimjibu kwa kifupi maana salio lake lilikuwa linaisha. Jibu refu nalitoa hapa, kwa sababu najua wanaouliza ni wengi.

Aende. Lakini ajue tangu mapema jambo ambalo mimi sikuambiwa: shahada ya kompyuta haina kazi yake yenyewe. Kazi zake zote zimo ndani ya kazi za watu wengine, za mhasibu, nesi, mtunza ghala, wakala wa bima. Na vyuo vyetu vinamtoa kijana anayeijua mashine vizuri, huku akiwa hajawahi kukaa hata siku moja na mtu atakayeitumia.

Nilisoma miaka 3 katika chuo kimoja cha umma, nikahitimu 2014. Nusu ya wenzangu walikuja wakidhani tutafundishwa Word na kutengeneza printa. Mwaka wa kwanza ukatuzindua: mantiki, seti, matrisi, uwezekano, na lugha ya C iliyotutoa jasho hadi usiku wa manane. Mwaka wa pili tukaingia kwenye kanzidata, mitandao, mifumo endeshi, na somo la algorithimu ambalo lilipunguza idadi yetu kuliko masomo mengine yote.

Mzazi akisikia hivyo hujiuliza kama fedha yake haipotei. Vijana wa mtaani wanajifunza kuandika kodi kwa video za YouTube, tena bure. Nitamjibu kwa mfano mmoja. Miaka michache iliyopita tulikuwa na orodha ya wakulima 30,000 na tulitakiwa kuwatafuta walioandikishwa mara mbili. Kijana mmoja mwenye kipaji, aliyejifunza mwenyewe, akaandika programu inayochukua kila jina na kulilinganisha na majina yote. Kwa wakulima 200 ilikwenda kama umeme. Kwa 30,000 ilitakiwa kulinganisha mara milioni 900, ikakaa inazunguka hadi watu wakaenda kula na kurudi. Dawa yake inafundishwa mwaka wa pili: panga majina kwa alfabeti kwanza, kisha tafuta kama unavyotafuta neno kwenye kamusi, kwa kufungua katikati, kisha katikati ya nusu iliyobaki. Jina moja unalipata kwa kufungua mara 15 hivi. Programu ile ile ikamaliza kabla chai haijapoa. Shule hiyo hiyo ndiyo inayokufanya ujue kwamba fedha za watu haziwekwi kwenye namba za kawaida za desimali za kompyuta, maana ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2 itakujibu 0.30000000000000004, na senti hizo za uongo zikikusanyika kwenye akaunti elfu kadhaa mkaguzi atakuita.

Kwa hiyo chuo kina maana. Nikiwa darasani nilikuwa hata nacheka kimya kimya, kwa sababu mambo mengine nilikuwa nimeshayaona. Mhadhiri alipotufundisha muamala, yaani kwamba hatua zote zifanyike au isifanyike hata moja, nilimkumbuka baba. Baba alikuwa karani wa mizani. Kilo za mkulima alikuwa anaziandika mara mbili, kwenye daftari la chama na kwenye stakabadhi ya mkulima, na kama wino ulikwisha kati ya kwanza na ya pili, alifuta kote kuwili na kuanza upya. "Kilo ikikaa sehemu moja tu," alikuwa anasema, "ni ugomvi wa kesho." Hakuna kitabu cha kanzidata kilichonieleza vizuri zaidi.

Ungedhani basi kwamba mimi ndiye wa mwisho kufanya kosa ninalotaka kulisimulia.

Mwaka 2016 kampuni ndogo iliyoniajiri ilipata kazi ya kutengeneza mfumo wa ghala la korosho huko Kusini. Kwa wasiojua: tangu msimu wa 2007/08 korosho yetu inauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka chamani, inapimwa na kupangwa daraja, gari linaipeleka ghala kuu, inapimwa tena, kisha inasubiri mnada. Mkuu wangu alinitazama kama mtu aliyeokota dhahabu. Hapa tunaye mtoto wa Newala, tena binti wa karani! Nikapewa waraka wa mahitaji wa kurasa 14, nikajifungia ofisini Dar es Salaam wiki sita. Nilikutana na mameneja mara mbili, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Ghalani sikukanyaga.

Waraka ulisema mfumo uzuie upotevu. Nikaandika mstari ambao leo ningeweza kuuchora kwa macho yaliyofumbwa: kilo zilizotoka zikiwa pungufu ya kilo zilizoingia, andika upotevu na mtaje mhusika. Nikaupima kwa takwimu nilizozitunga mwenyewe. Ukapita.

Msimu ukaanza, korosho ikaingia, ikakaa, ikanunuliwa, magari yakaanza kupakia kwenda bandarini. Karibu kila shehena iliyotoka mfumo uliandika upotevu. Makao makuu walipoona ripoti hawakuuliza swali, wakamwandikia mtunza ghala barua ya kujieleza. Mzee wa miaka hamsini na kitu, aliyekaa na korosho maisha yake yote, anatakiwa aeleze kilo zilikokwenda.

Nilipompigia baba kumhadithia, kwanza alinyamaza. Kisha akasema: "Mama, korosho ghafi inakauka. Inaitwa unyaufu. Na wewe ulikuwa unajua."

Nilikuwa najua. Nimelala usingizi wa mchana juu ya magunia yale. Nimemsikia baba akigombana na madereva kuhusu unyaufu tangu sijaanza darasa la kwanza. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta nilijiona mtaalamu, na mtaalamu ana waraka. Yale ya utotoni niliyaona ni ya nyumbani, hayahusiani na kazi. Hakuna somo hata moja katika miaka mitatu lililoniambia kwamba yanahusiana.

Kurekebisha kodi kulichukua mchana mmoja. Kumwomba mzee radhi kulinichukua safari ya basi mpaka Mtwara. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akanizungusha ghalani nusu siku. Akanionyesha gunia tupu la juti likiwekwa kwenye mizani, kwa sababu lenyewe lina uzito karibu kilo moja na lazima litolewe kwenye hesabu. Akanionyesha mawe ya kujaribia mizani kila asubuhi. Akanifungulia kaunta buku lake, na pembeni, kwa penseli, kulikuwa na safu niliyokuwa sina kwenye kanzidata yangu: unyaufu, shehena kwa shehena, miaka kadhaa nyuma. Mfumo wa ghala lile ulikuwepo kabla sijafika. Ulikuwa umeandikwa kwa penseli.

Sasa turudi kwenye hofu ya mama mdogo. Mwaka jana, kwa kutaka kujua tu, niliipa akili mnemba kazi ile ile ya 2016, kwa maneno yale yale ya waraka. Haikufika dakika moja ikaniletea kodi, safi kuliko yangu, imepangwa vizuri, ina hata maelezo. Nikaisoma mstari kwa mstari. Na humo ndani nikaukuta: kilo zikipungua, andika upotevu. Ilikuwa imefanya kosa langu, ila yenyewe haikutumia wiki sita. Nilipoiongezea kwamba korosho ghafi hukauka ikiwa ghalani, ikarekebisha papo hapo, na hata kunipongeza kwa angalizo zuri.

Ndiyo maana sitawadanganya wazazi upande wowote. Kazi ya kugeuza maelezo yaliyokamilika kuwa kodi inapungua thamani kila mwezi, na hiyo ndiyo kazi ambayo kizazi chetu kilianzia. Fundi mchanga alikuwa anapewa fomu ndogo, ripoti ndogo, akijifunza taratibu. Mlango huo unafungwa. Lakini mtu anayejua kwamba korosho inakauka, na anayeweza pia kusoma kodi na kuona pale ilipokosea, huyo sijaona kinachomfuta. Neno moja, unyaufu, ndilo lililokuwa limebeba ajira yote.

Na kosa hili si la korosho wala la kizazi changu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ukaenda mrama, hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Vijana wa leo wakisikia hadithi hiyo hucheka, wanaona wazee walikuwa washamba. Mimi siwezi kucheka. Najua ilivyo mashine inapowekwa juu ya kazi ambayo aliyeiweka hakuielewa. Na mimi sikuwa na kisingizio cha 1974.

Upande wa pili wa shilingi tunautumia kila siku mifukoni mwetu. Mwaka 2005 nchini Kenya, M-Pesa ilianza majaribio ikiwa njia ya wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kulipa marejesho yao kwa simu. Waliokuwa wakiiendesha wakawatazama watu. Wakaona wanatumiana fedha wao kwa wao, wanamlipia mwingine, wanajitumia wenyewe kabla ya safari ili wasibebe noti njiani. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, marejesho ya mikopo hayakuwa tena habari kuu. Habari kuu ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikafika kwetu. Ujumbe mfupi wa simu ulikuwepo siku nyingi, na hapakuwa na muujiza wa kompyuta ndani yake. Kilichokuwa kipya ni kwamba mtu alitazama mwenzake anafanya nini, akamfuata.

Angalia pia zahanati nyingi nchini: vitabu vya takwimu za afya vya MTUHA mezani, nesi anachora mistari ya tano tano kuhesabu wagonjwa, kisha mwisho wa mwezi takwimu zinakwenda wilayani na kuingizwa kwenye DHIS2. Programu hiyo mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, inatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuikuza. Imesambaa katika nchi nyingi kwa sababu imejengwa kufuata hesabu ambayo nesi alikuwa anaifanya tayari.

Mama mdogo aliuliza kuhusu mishahara. Siwezi kumpa tarakimu moja, lakini naweza kumhesabia wenzangu. Darasa letu tulimaliza 58. Mmoja yuko benki, kazi yake ni kuhakikisha hesabu za siku zinafungwa usiku, hivyo analala wengine wakiamka. Wawili waliingia serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira, baada ya usaili wa mchujo uliojaza ukumbi mzima. Mmoja anafanyia kazi kampuni ya Ulaya akiwa sebuleni kwake Goba, analipwa vizuri kuliko sisi wote na analalamika upweke kuliko sisi wote. Mmoja anauza simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Mwingine ana steshenari nje ya geti la chuo, anawachapia wadogo zetu ripoti zao. Wengine wameshaiacha kompyuta kabisa. Tunaolipwa mshahara tunakatwa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, na wale wasio na mshahara deni linawangoja.

Nikiwatazama, naona mpaka mmoja unaowagawa, na wala si GPA. Waliofika mbali wanaitwa kwa kazi za watu wengine: yule wa bima, yule wa maabara, yule wa bandari. Ukiwa na tatizo la madai ya bima unampigia wa bima, maana anajua fomu inakwama meza ipi. Waliokwama bado wanajiita kwa jina la lugha ya programu: mimi wa Java, mimi wa PHP. Watu wa Java wako wengi mno mjini, na sasa wako hata ndani ya mashine.

Mbona basi tunawaachia vijana wagundue haya kwa bahati? Kila mwanafunzi ana mafunzo kwa vitendo, wiki nane hivi za likizo ndefu. Wengi wanazimalizia kwenye chumba cha TEHAMA cha ofisi fulani, wakibadilisha wino wa printa na kuweka upya Windows, kisha wanasainiwa kitabu. Napendekeza likizo ya kwanza mwanafunzi asiguse kompyuta. Apelekwe kwa karani wa ushirika, dirisha la dawa la hospitali, masijala ya mahakama, stoo ya shule. Ajaze kaunta buku kwa mkono wake. Arudi na maelezo ya kurasa kumi ya jinsi kazi ile inavyokwenda, pamoja na yale yanayoandikwa kwa penseli. Hayo yapewe alama sawa na somo la algorithimu.

La pili ni mradi wa mwaka wa mwisho. Kila mwaka tunazalisha upya mfumo wa kugawa vyumba vya hosteli na mfumo wa kupigia kura, unapewa daraja, unawekwa kabatini, na hakuna aliyewahi kugawa chumba wala kupiga kura kwa mifumo hiyo. Mradi usipokelewe bila sahihi ya mtu mmoja nje ya chuo aliyeutumia angalau mwezi, na aseme ulimsumbua wapi.

Najua jibu la wahadhiri, nimeshalipata kwa mdomo: chuo kikuu si mahali pa kufundishia ukarani, na nadharia ikipunguzwa tutapata mafundi wasiojua kwa nini. Nakubaliana nao kuhusu nadharia. Wakulima 30,000 walinifundisha thamani yake. Ninachoomba ni likizo moja, na sigusi kipindi hata kimoja cha darasani. Wengine wanasema kijana anaweza kufanyia kazi Berlin akiwa Goba, hana haja na korosho ya mtu. Kweli, wapo. Lakini kijana wa Goba akishindana kwa kuandika kodi tupu anashindana na dunia nzima pamoja na mashine zake. Wanaojua ghala la Kusini, au dirisha la dawa la hospitali ya wilaya, na kuandika kodi pia, ni wachache hata humu nchini.

Nilimwambia mama mdogo msimu wa korosho unaanza Oktoba na vyuo vinachelewa kidogo kufungua, kwa hiyo mdogo wangu ana wiki kadhaa. Nikamwomba baba, ambaye kastaafu lakini bado anaheshimiwa pale chamani, amtafutie nafasi kwenye mizani. Laptopu iliyonunuliwa kwa mchango wa familia iliachwa Dar es Salaam, na kijana akaondoka amenuna.

Juzi usiku akanipigia. Hakunisalimia vizuri. "Dada, kuna gunia tulilipima wiki mbili zilizopita. Leo limepungua nusu kilo na mshono wake haujaguswa. Nani kaiba?"

Nikamwambia akamuulize baba yake mkubwa, na aende na kalamu.